Maswali ya Wasomaji: Ndege ya Kujiundia Nyumbani Humalizika Baada ya Muda Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa kuchomelea na kukunja bati, nina karakana yangu hapa Chuno, Mtwara. Nimesoma kwamba zipo kampuni za ng'ambo zinazouza ndege ndogo ikiwa vipande ndani ya makreti, na mnunuzi akaiunganisha mwenyewe nyumbani. Kampuni moja inasema kazi yote ni saa 450 hivi, wajenzi wa aina nyingine wanataja saa 1,500 na zaidi, na wako waliokiri kwamba iliwachukua miaka kumi. Nimwamini nani? Nikianza mwaka huu, nitamaliza lini?
Fundi, Chuno, Mtwara

JIBU: Ndugu yetu fundi, unaweza kuwaamini wote watatu, kwa kuwa hawazungumzii kitu kimoja. Wawili wa kwanza wanahesabu saa ambazo mikono iko kazini, na huyo wa miaka kumi anahesabu kalenda, pamoja na miezi yote ambayo bawa lilikaa ukutani limefunikwa turubai kwa sababu ya ugonjwa, uhamisho wa kikazi, ada za watoto au kipande kilichochelewa kufika. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza utamaliza lini, jiulize ni saa ngapi kwa wiki unaweza kuzitenga bila kuwaudhi wateja wako wala familia yako, na uzitenge wiki baada ya wiki.

Tofauti kati ya saa 450 na saa 1,500 hutokana na namna ndege yenyewe ilivyobuniwa. Ndege za Zenith za Marekani, kama CH 701 na CH 750, zimesanifiwa kwa bati la alumini lenye mikunjo michache, na karibu ribiti zake zote (vipini vidogo vinavyobana bati kwa bati) ni za kuvuta, ambazo mtu mmoja huzifunga akiwa upande mmoja tu wa bati. Ndege kama RV-7 ya kampuni ya Van's Aircraft, iliyoko Aurora katika jimbo la Oregon, ni ya kasi zaidi na ngozi yake inatakiwa iwe laini, kwa hiyo hutumia ribiti za kugonga, tena kwa maelfu mengi. Kila ribiti ya namna hiyo ina safari yake: tundu linapanuliwa kwa drili hadi kipimo kamili, makali yake yanaondolewa pande zote mbili, ukingo unabonyezwa ili kichwa cha ribiti kilale sawa na bati, sehemu zinafunguliwa tena, zinasafishwa, zinapakwa praima, zinarudishwa na kushikizwa kwa pini za muda, na ndipo ribiti inapogongwa, mmoja akishika bastola ya upepo na mwingine akikinga kwa chuma upande wa pili. Zidisha hatua hizo kwa idadi ya matundu, utaelewa kwa nini wajenzi wengi wa RV-7 huhesabu kati ya saa 1,500 na 2,000, na kwa nini kampuni hiyo huuza pia kifurushi ambacho mabawa na kiwiliwili vimekwisha kuunganishwa kwa sehemu kubwa, kwa wale walio tayari kulipa zaidi ili wapunguze muda.

Tufanye hesabu yako. Msimu wa korosho unapofika, kuanzia Oktoba, fedha huingia mikononi mwa watu na wateja wa mageti, milango na madirisha huongezeka, na hatudhani kwamba utagusa ndege katika miezi hiyo. Tuseme basi una wiki 39 za mwaka, kila wiki saa nane, yaani saa 312 kwa mwaka. Kazi ya saa 1,800 itakuchukua karibu miaka sita. Ile ya saa 450 ingekuchukua mwaka mmoja na nusu kwa karatasi, lakini makadirio ya kampuni huchukulia kwamba msomaji wa michoro hasiti na harudii, na mjenzi wa mara ya kwanza husita na hurudia. Ongeza nusu yake, useme miaka miwili na kidogo. Sisi tungekushauri uanze na hii ya saa 450. Ndege hiyo iliyobuniwa kupaa na kutua katika njia fupi inafaa zaidi viwanja vidogo vya kusini kuliko ile ya kasi.

Ujuzi wako utakusaidia, ingawa si pale unapotarajia. Kusoma michoro, kupima mara mbili na kukata mara moja, na kuheshimu kona ya mkunjo ni mambo ambayo karani wa benki au mwanasheria anayejenga ndege hulazimika kuyaanza upya, nawe unayo tayari. Kuchomelea, hata hivyo, hutakutumia sana. Alumini ya ndege ya daraja la 2024-T3 haichomelewi kwa mashine ya kawaida, na hata ile ya 6061-T6, inayochomeleka, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake palipopata joto, ndiyo maana sehemu hizo hufungwa kwa ribiti na bolti. Fremu ya kushikilia injini, iliyo ya mabomba ya chuma, kwa kawaida huletwa ikiwa imekwisha kuchomelewa. Na tunakuomba sana usishawishike kuziba pengo kwa bati la kuezekea au bolti ya duka la vifaa vya ujenzi, hata kama vipimo vinalingana. Bolti ya ndege hutengenezwa kwa chuma chenye nguvu inayojulikana, na mwenye kuikagua ndege yako baadaye atataka kuona alama iliyo kichwani mwake.

Hapo ndipo umbali unapokula muda. Kipande kimoja kikitobolewa mahali pasipo pake, hakuna duka la Mtwara mjini litakalokuwa na kingine, na utasubiri wiki kadhaa kwa usafiri na forodha. Mjenzi mzoefu hufungua makreti siku ya kwanza, akalinganisha kila kitu na orodha na kuagiza kilichopungua mapema, na hukosi kazi ya kuendelea nayo upande mwingine wa ndege wakati unasubiri.

Kuna pia bahari. Hewa ya chumvi ya Mtwara hushambulia alumini iliyokwaruzwa, na hasa pale alumini inapogusana na chuma, kwa hiyo praima ambayo mjenzi wa nchi kavu anaweza kuipaka sehemu chache tu, wewe utaipaka ndani ya kila kiungo, nayo itakuongezea saa nyingi ambazo hazimo katika makadirio ya kampuni. Usizionee uchungu. Injini nayo usiinunue mapema. Injini ya pistoni inayokaa bila kuwashwa karibu na bahari hupata kutu ndani ya silinda na kwenye mhimili wa vali, na muda wa dhamana huweza kukuishia ikiwa bado imo sandukuni. Anza na mkia, kisha mabawa, kisha kiwiliwili, na injini iwe karibu na mwisho. Kampuni nyingi huuza sehemu hizo kwa awamu, jambo linalowafaa wenye kipato cha msimu.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa huwavunja moyo wengi. Siku ndege itakaposimama kwa magurudumu yake, jirani watakuja kupiga picha na kukupongeza, nawe utadhani umebakiwa na wiki chache. Mbele yako bado kuna nyaya za umeme, mabomba ya mafuta na breki, ala za urubani, kifuniko cha injini cha faiba kinachosuguliwa kwa msasa hadi kikae sawa, na kioo cha plastiki ambacho hupasuka kikitobolewa kwa drili isiyofaa. Kazi hizi hazionekani kwa macho ya mgeni, na ndizo ambazo ndege nyingi hukwamia hadi zikauzwa zikiwa nusu.

SWALI: Sisi ni marafiki wanne hapa Lindi mjini, wawili kati yetu ni mafundi umeme. Tukichangia fedha na kazi, tutamaliza kwa robo ya muda?
Mama Fundi, Lindi

JIBU: Dada yetu, mtapunguza muda, ila si hadi robo. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini waliunganisha ndege ya viti vinne aina ya Sling 4, inayotengenezwa nchini mwao, kwa wiki tatu tu, kisha ikarushwa na marubani vijana kutoka Cape Town hadi Cairo. Ndege hiyo hukadiriwa kuhitaji saa 3,000 hivi za kazi. Lakini vijana wale walifanya kazi mchana kutwa, wakiwa na wataalamu, na injini pamoja na ala zake zilifungwa na mafundi wa fani hiyo. Ninyi mtakutana jioni na mwisho wa wiki, na ubavuni mwa bawa moja hawakai watu wanne bila kuzuiana.

Gawaneni kwa sehemu nzima: wawili mabawa, na ninyi mafundi umeme mwanze kuchora mfumo wa nyaya mapema, maana huo hauhitaji ndege iliyosimama. Hatari ya kundi ni bolti ambayo kila mmoja anadhani mwenzake ameikaza. Aikaze mmoja kwa spana ya kipimo, aiwekee alama ya rangi, na aandike jina lake na tarehe katika daftari la ujenzi pamoja na picha. Daftari hilo ndilo pia litakaloonyesha kwa mkaguzi kwamba kazi imefanywa na ninyi. Nchini Marekani, kwa mfano, ndege haiandikishwi katika kundi la ndege za kujiundia isipokuwa sehemu kubwa ya kazi, yaani zaidi ya nusu, imefanywa na wajenzi wenyewe kwa kujifunza au kujiburudisha.

SWALI: Ndege ikikamilika, naweza kuirusha siku hiyo hiyo?
Msomaji, Masasi

JIBU: Hapana. Itapimwa uzito na mahali kilipo kitovu cha uzito wake, itakaguliwa, injini itawashwa ndege ikiwa imefungwa chini, kisha itatembezwa ardhini kabla ya kupaa. Baada ya hapo huja saa za majaribio bila abiria. Marekani kwa miaka mingi imetaka saa 25 pale injini na rafadha (panga linalozungushwa na injini) zilizooanishwa zinapokuwa na cheti, na saa 40 zisipokuwa nacho. Kwa hapa kwetu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ndiyo inayosajili ndege, kwa herufi zinazoanza na 5H, na ndiyo yenye kuamua ukaguzi na masharti ya kibali. Waandikie kabla hujalipia kreti la kwanza, ukiwaeleza aina ya ndege, injini na mahali utakapoijengea, ili matakwa yao yaingie katika ratiba yako tangu mwanzo na yasije yakakulazimisha kufumua bawa lililokwisha kufungwa.

Anza pia kufikiria rubani. Uchunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani, uliotolewa mwaka 2012, ulionyesha kwamba ajali nyingi za ndege hizi hutokea mapema katika maisha ya ndege, na kwamba kuharibika kwa injini na kupoteza udhibiti angani ndizo sababu kubwa. Mjenzi aliyekaa miaka mitano karakanani bila kuruka huwa amefifia mikono. Katika miezi sita ya mwisho ya ujenzi, tenga saa za kuruka na mkufunzi katika ndege inayofanana na yako, na kama bado huna leseni, gharama ya mafunzo iandike katika bajeti mstari mmoja na gharama ya injini.