Manjano: yanaingia au yanapita?

Uliyeuliza kama manjano unayokoroga kwenye maji ya moto kila asubuhi yanafika kwenye damu: mengi yanapita tu. Kurkumini, yaani ile kemikali yenye rangi, haiyeyuki vizuri kwenye maji, hivyo sehemu kubwa huteremka na utumbo hadi chooni. Kidogo kinachopenya hakifiki mbali. Ukuta wa utumbo, kisha ini, hukibandika asidi ya glukuroniki au salfeti, kemikali za mwili zinazokifanya kitoke upesi, na ini hukirudisha utumboni kupitia nyongo. Kwenye mkojo hutoka kiasi kidogo mno.

Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini tupu. Kwenye damu haikuonekana, au ilikuwa kidogo sana. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, ile ya pilipili manga, ikapanda kama mara 20. Ila usishangilie haraka: piperini huzubaisha vimeng'enya vya ini, vile vinavyosaidia kuondoa kemikali na dawa mwilini, bila kuchagua, hivyo dawa kama fenitoini, ya kifafa, nayo huongezeka kwenye damu. Kama unameza dawa za kila siku, muone mfamasia kabla ya kununua vidonge vyenye mchanganyiko huo. Pilipili manga ya kwenye pilau haina neno.