Mwenye Kibanda Alitaka Mabati Yake

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi ni fundi hapa Kayole. Mwezi jana mama mmoja alinitumia ujumbe kwa simu: "Please demolish the kiosk by Saturday." Nikaenda na vijana wawili, nyundo na mtarimbo. Kufikia saa nane mchana kibanda kilikuwa chini. Jioni mama akaja, akaona mabati yamepinda na mbao zimepasuka, akakataa kunipa salio. Anasema nimemharibia mali. Kosa ni la nani?

JIBU: Sijambo, fundi. Kwa upande wa lugha, kosa si lako. Demolish ni kubomoa: kilichosimama kiende chini, basi. Wakati tingatinga zilipoingia Ukay Centre, jengo la maduka pale Westlands, Agosti 2018, hakuna aliyekuwa akihesabu vigae. Ukuta ukipigwa X nyekundu hapa Nairobi, mwenye nyumba huanza mwenyewe kung'oa milango na madirisha usiku kucha, maana anajua kitakachokuja hakibagui.

Alichotaka huyo mama kina kitenzi chake, dismantle: msumari ung'olewe mmoja mmoja, bati lishushwe likiwa zima, mbao zipangwe kando. Nyanya yangu kule Kisauni alikuwa na neno tamu la kazi hiyo, kujengua. Makuti yalishushwa, boriti zikafunguliwa kamba, na nusu ya vitu vikarudi kwenye nyumba mpya. Neno hilo silisikii tena mjini, na linanipa uchungu kidogo.

La ajabu ni kwamba demolish nalo lilizaliwa hivyo hivyo. Kwa Kilatini moliri ni kujenga, hasa kitu kizito. Ukitanguliza de-, umekitengua. Sisi tunatengua mwishoni mwa neno, funga na fungua, ziba na zibua, wao wanatengua mwanzoni. Lakini kwenye demolish ya Kiingereza ule upole wa kufungua haupo, kuna nyundo tu.

Hilo la "umeniharibia" ni destroy, na lina eneo pana zaidi. Moto huharibu shamba, mvua huharibu vitabu, uvumi huharibu jina la mtu. Barua huwezi kuidemolish hata ukiichana vipande mia. Demolish inataka kitu kilichosimama: ukuta, ghorofa, hata hoja ya wakili. Na chakula pia, kwa utani: ukisikia kijana ame-demolish chapati sita, jua amezifyeka, sahani imebaki inang'aa.

Kwa hiyo mwonyeshe mama ujumbe wake mwenyewe, kwa heshima, udai salio lako. Ila nami nina swali. Mabati hayo yalikuwa na kutu, au yalikuwa ya juzi? Kama yalikuwa bado yanameta, fundi mzoefu kama wewe ulishindwaje kupiga simu ya dakika moja kabla ya kuinua nyundo?