Mashine ya babu haina logbuku, ni ya nani?

SWALI: Asalaam aleykum Ami. Mimi msomaji wako wa Kibokoni, hapa Mji wa Kale. Babu yetu alifariki mwaka jana na ameacha mashine yake ya boti, Seagull ya zamani ile ya tangi la shaba na kamba ya kuzungusha kwa mkono, mimi ndo nilokuwa nikiiosha kwa maji matamu kila tukirudi baharini na siku moja aliniambia "hii ni yako". Sasa rafiki yangu nilosoma naye yuko Texas anaitaka, anapenda mashine za kale, lakini anasema kule lazima iwe na hati ya umiliki kama logbuku ya gari. Sisi hatuna kikaratasi hata kimoja. Na ami zangu wawili wamesikia habari ya kuuza wakanuna. Nifanyeje?

JIBU: Aleykum salaam mwanangu, Mungu amrehemu babu. Umeuliza la karatasi lakini lililonishika mimi ni hilo la ami zako, hebu tumalize la hati kwanza halafu tulirudie.

Huku kwetu mashine ya boti haina logbuku. Kinachosajiliwa ni chombo, kwa Kenya Maritime Authority, na cheti kile ni cha chombo, mashine ukiivua ukaitia begani ni mali tu kama cherehani, mwenyewe anajulikana kwa risiti na kama risiti hakuna basi kwa watu wanaojua. Kwa hivo usijisumbue kwenda NTSA, wale ni wa magari. Rafiki yako hakudanganyi lakini. Texas mashine ina hati yake mbali kabisa na ya boti, inatolewa na Texas Parks and Wildlife. Si Marekani yote iko hivo, Florida na California wanaandika boti peke yake, na South Carolina wanadai hati mashine ikiwa hospawa 5 kwenda juu, Seagull nyingi ndogo hata hazifiki hapo. Yeye aende ofisini kwao aulize mashine ilotoka nje ya nchi bila hati inaingizwa vipi, wewe kazi yako ni kumpa karatasi ya mauziano ilosimama, yenye namba ya mashine, sahihi yako na ya mashahidi.

Na hiyo namba ndo roho ya jambo lote. Kwenye Seagull imegongwa kwenye kasha la kranki, herufi na tarakimu, na zile za miaka ya baadaye namba inaishia na alama za mwezi na mwaka ilotengenezwa. Chukua kitambaa na mafuta ya taa kidogo, pangusa polepole, ukiona haisomeki mulika tochi kwa ubavu kivuli kitaizindua. Nakuomba sana msasa usiguse hapo wala grainda! Niliwahi kuona pwani yetu hii mzee alopeleka mashine yake kwa fundi ikarudi inang'aa kama sufuria mpya, namba hakuna, na kila alokuja kununua aliinama pale akatazama kisha akaondoka. Namba ilofutwa inanuka wizi hata kama mali ni ya halali, na kupokea mali ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Penal Code yetu. Piga picha namba leo, na mashine nzima, na bibi yako kama yuko hai aishike mkononi.

Sasa ami zako. Hapa sikufichi mwanangu, mashine hiyo pengine si yako. Kuikaa nayo na kuiosha si kuimiliki. Kwa mirathi ya Kiislamu mjukuu harithi wana wa marehemu wakiwa hai, kwa hivo iko kwa ami zako, baba yako kama yuko, mashangazi zako na bibi. Utasema aliniambia hii ni yako. Sawa, lakini hiba, yaani zawadi ya mtu akiwa hai, inatimia mtu anapotoa, wewe ukakubali na ukakabidhiwa yeye akiwa hai, na kama babu aliendelea kuivua na kuitia mwenyewe mpaka siku ya mwisho wake Kadhi atakuuliza ulikabidhiwa lini. Ikiwa alikusudia uipate baada yake basi ni wasia, na kwa kuwa wewe si mrithi wasia wako unafaa hadi theluthi ya mali yake, lakini utahitaji mashahidi walosikia, sio wewe peke yako.

Ningekuwa wewe ningewaita ami hao kwa kahawa kabla ya kumpigia mtu wa Texas. Waambie bei alotaja, waambie babu alikwambia nini. Wakikuachia, waandike, warithi wote watie sahihi pamoja na mashangazi (hawa ndo wanaosahauliwa kila mara na inaniuma), kisha mpeleke kwa wakili mle kiapo kwamba mashine yenye namba kadha ni ya marehemu fulani na warithi wamekubali. Karatasi hiyo ndo itakuwa mzizi wa hati ya huyo rafiki yako. Wakikataa, nendeni kwa Kadhi.

Na usiogope watu wa makumbusho kwamba watakuzuia kuipeleka nje kwa kuwa ni ya zamani. Kwa sheria yetu ya 2006 kitu cha kale ni kilotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, Seagull zilianza 1931 na hata Evinrude mwenyewe, yule Mmarekani wa mashine za boti, alianza 1909 kule Milwaukee.

SWALI: Ami mimi wa Likoni, nimenunua mashine ya boti, Johnson kuukuu, kwa mtu nisiyemjua, kwa bei ya kutupa, hakunipa risiti na sahani ya namba imeng'olewa. Nifanye nini?

JIBU: Usiifunge kwenye boti wala usiitie rangi. Alokuuzia kama hakuwa mwenyewe, hukupata umiliki hata kama pesa ulitoa kwa nia safi. Tafuta namba nyengine, baadhi ya Johnson zimegongwa kwenye kizibo cha chuma cha bloki, kisha nenda stesheni ya polisi kaandikishe kwa OB, lile daftari lao la matukio, na uwaachie waitazame. Nenda leo, kesho utakuwa umechelewa kueleza.