Seli moja nzuri haitoshi kuitwa sinapsi

SWALI: Profesa, shikamoo. Nina miezi minne kwenye utafiti wa baada ya uzamivu, natengeneza memrista, yaani seli ambazo ukinzani wake hubadilishwa kwa umeme na kubaki hivyo, kwa tabaka za TiN/HfO2/Ti, oksidi ya nanomita 6, kwa ajili ya kompyuta zinazoiga ubongo; kila seli ikae mahali pa sinapsi, kiungo kati ya niuroni mbili. Kwenye mashine ya kupimia nimeweka kikomo cha mkondo cha mikroampea 100, lakini seli nyingi huruka ghafla zikiwashwa, na kuzizima hula karibu miliampea 1. Moja tu upitishaji wake hupanda polepole kwa mipigo 128, kutoka mikrosimensi 20 hadi 120. Mwenzangu maabara anasema nichukue hiyo, niitumie kwenye uigaji wa kutambua tarakimu za MNIST (mkusanyo wa picha za tarakimu zilizoandikwa kwa mkono), niandike makala. Nitumie mpigo wa umbo gani ili nyingine zifanane nayo?

JIBU: Marahaba. Umbo la mpigo halitakusaidia. Hiyo miliampea 1 ya kuzima inaonyesha kwamba siku ya kuotesha uzi (njia nyembamba ya kupitisha mkondo) ndani ya oksidi, kikomo chako hakikufanya kazi. Mashine huhitaji mikrosekunde kadhaa kuubana mkondo, wakati uzi huota kwa nanosekunde. Katika pengo hilo kebo humwaga chaji yake ndani ya seli. Kebo ya koaksia ina takriban pikofaradi 100 kwa mita. Kwa volti 3 inakuwa imebeba pikojuli 450. Mpigo uliokusudia, volti 1 kwa mikroampea 100 kwa nanosekunde 100, ni pikojuli 10 tu. Uzi umenenepa, na haukondi tena kwa maombi. Chipu hizo ziweke kando.

Kikomo lazima kikae kwenye chipu yenyewe, kando ya seli. Transista ndiyo bora kuliko rezista, kwa sababu wakati wa kuzima unafungua lango lote, yaani mguu wake unaodhibiti mkondo. Rezista ya kiloomu 10 ingekunyang'anya volti zile zile unazozihitaji. Otesha uzi kupitia transista, kisha washa kwa kupandisha volti ya lango hatua kwa hatua, milivolti 20 kila mara, huku mpigo wa seli ukibaki vile vile. Kuruka ghafla ni tabia ya kuwasha: uzi ukinenepa mkondo huongezeka, joto hupanda, nafasi tupu za oksijeni husogea haraka zaidi, uzi hunenepa tena. Bila kitu cha kuukata mzunguko huo, hupati ngazi za upitishaji zinazopanda taratibu. Kuzima hujizuia kwenyewe, ndiyo maana kunashuka taratibu.

Angalia mtego mmoja hapo. Ukipandisha lango au volti kila hatua, saketi inabidi ijue seli iko wapi kabla ya kuiandika. Kusoma huko kuna gharama, nayo iandikwe.

Sasa huyo mwenzako. Ushauri wake nauona kila mwezi, na unanichosha. Seli moja kati ya nyingi ni bahati, na bahati haiwekwi kwenye kielelezo cha hesabu. Pima angalau seli 100, zilizokufa zikiwemo, uchore mgawanyo mzima. Halafu hizo ngazi 128: kati ya mikrosimensi 20 na 120, ngazi na ngazi hazitengani hata mikrosimensi 1. Soma kila ngazi mara elfu kwa volti 0.1 hadi 0.2, acha saa kadhaa, soma tena, kisha rudia kwenye nyuzi joto 85. Tuseme mtawanyiko wa kawaida ukatoka mikrosimensi 2. Ukitaka ngazi zisiingiliane kwa mitawanyiko mitatu kila upande, unahitaji nafasi ya 12, na ngazi zako ni 9 hivi. Kuhesabu mipigo uliyotuma na kuiita biti 7 ni udanganyifu, hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya.

Na MNIST! Kitenganishi cha mstari tu, kisicho na niuroni hata moja iliyofichwa, hupata takriban asilimia 90. Ukiingiza mkunjo laini wa seli moja kwenye uigaji usio na kelele, usio na seli zilizokwama, usio na upotevu wa volti kwenye waya ndefu za matriki (seli zilizopangwa kwa safu na nguzo), asilimia yoyote utakayopata inapima programu yako, kifaa hakimo. Ongeza hayo matatu, uone inavyoshuka.

Wanaotangaza "ubongo kwenye chipu" kwa sababu mkunjo wa mkondo na volti umefunga kitanzi wamewachosha hata wahariri. Kitanzi hicho ni kumbukumbu tu. Leon Chua aliandika nadharia ya memrista 1971, na maabara ya HP ikaonyesha kifaa cha oksidi ya titani 2008. Wengi wa watangazaji hao hutaja pia nishati kwa kila mpigo, pikojuli chache, wakiacha vigeuzi vya kusomea (saketi zinazogeuza mkondo kuwa namba) vilivyo pembeni mwa matriki, ambavyo mara nyingi ndivyo vinavyokula umeme mwingi kuliko seli zote. Nishati ukiiandika, taja ulichokihesabu na ulichokiacha, kwa pikojuli.