Akisoma na wenzake hakwami, akizungumza anagugumiza

SWALI: Mwanangu wa kiume, miaka 7, alianza kugugumiza akiwa na miaka 4. Daktari ametutuma kwa mtaalamu wa tiba ya usemi, naye akatutuma kwa mwanasaikolojia. Ustadhi wa madrasa asema mtoto anajifanya, kwani akisoma Kurani pamoja na wenzake hakwami. Nyanyake ataka akatwe kimio. Tumfuate nani?
Mama wa Likoni

JIBU: Mama, alichokiona ustadhi ni kweli, ila mtoto hajifanyi. Wengi wenye kigugumizi hunyooka wakisoma kwa sauti moja na wenzao, au wakiimba. Mwombe ustadhi, zamu ya mtoto ikifika, asome na mwenzake mmoja kwanza, na asimaliziwe neno.

Kimio msikate kabisa. Kigugumizi hakitoki kooni. Kinatokana na jinsi ubongo unavyoendesha usemi, na mara nyingi kimo katika ukoo. Kidonda cha kukatwa kimio huweza kutoka damu nyingi au kuingia pepopunda.

Kazi ya daktari ni fupi: kupima masikio na kuuliza kuhusu kifafa au jeraha la kichwa. Kazi kubwa ni ya mtaalamu wa usemi. Humrekodi mtoto, tuseme silabi 300, akahesabu zilizorudiwa, zilizovutwa na zilizokwama. Zikiwa 24, hiyo ni asilimia 8. Itunzeni hesabu hiyo, kwa maana kigugumizi hupanda na kushuka chenyewe, na wiki moja nzuri huwadanganya wazazi wakaacha tiba. Kisha humfunza kuanza neno taratibu, midomo ikigusana kwa wepesi kwenye "b" na "p". Mwanasaikolojia hushughulikia hofu: mtoto anayejibu "sijui" ilhali anajua, anayakwepa maneno.

Tiba huharibika kila mmoja anapofanya lake. Huku mtoto anafunzwa kwenda polepole, kule shuleni anasomeshwa akihesabiwa dakika. Waombeni wataalamu waandike lengo moja, mfano kujibu swali moja darasani kila siku, na nakala wapate mwalimu na ustadhi. Baada ya wiki 8 arekodiwe tena. Msingoje kipone chenyewe. Miaka 3 imeshapita.

Nyumbani, mpe dakika 10 kila siku, simu ikiwa mbali, nawe uzungumze kwa utulivu. "Pumua kwanza" na "sema polepole" ziacheni: humfanya aangalie kinywa chake, akasahau alichotaka kukwambia.