Mapezi ya samaki klauni kuchanika: kuumwa au kuoza?

Kaka, umesema yule mdogo mkia umepasuka na mkubwa anamfukuza kila saa. Kabla hujamwaga dawa, mwangalie kwa tochi ukingoni mwa pezi. Ukiona mpasuko safi kama karatasi iliyoraruliwa, hayo ni meno ya mkubwa. Mkubwa ndiye jike, na kwa klauni jike ndiye mwenye nyumba. Dume humtetemekea ubavuni kuonyesha amenyenyekea. Wakiwa wageni kwa wageni, kuumana kidogo ni kawaida. Lakini ukingo ukiwa mweupe kama maziwa au mwekundu, na pezi linazidi kufupika kuelekea mwilini, hapo ni bakteria.

La kuumwa halihitaji dawa. Mtie jike, si dume, kwenye kikapu chenye matundu ndani ya tangi hilohilo kwa siku kadhaa, wazidi kuonana. Pima amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, iwe sifuri. Badilisha robo ya maji, chumvi ibaki 1.025 kwenye kipimo cha uzito wa maji (specific gravity). Shina la pezi likiwa zima, litaota tena baada ya wiki chache.

La kuoza, mhamishie huyo mgonjwa tangi la pembeni ndipo utumie antibiotiki ya samaki, maana kwenye tangi kuu itaua bakteria wanaokusafishia maji.

Na huyo aliyekwambia uongeze maji ya ziwa, muulize ni lini aliona klauni, samaki wa bahari, akivuliwa Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria hapo Kisumu. Maji ya mfereji wa Kisumu nayo yaondoe klorini kwanza, ndipo uchanganye chumvi ya bahari.

Bado anakula? Akikataa chakula siku mbili, nijulishe.