Swali la lugha: "Tungependa kuchukua fursa hii kushukuru" – si mshukuru tu!

Dada mmoja, katibu wa kwaya ya Kiswahili huko Minneapolis, Marekani, ametutumia tangazo analotaka kulisoma kanisani mwezi wa tisa: "Tungependa kuchukua fursa hii kutoa shukrani zetu za dhati kwa Mungu kwa kutufikisha msimu huu wa vuli na mwaka mpya wa kanisa, tukiwa na matumaini." Anauliza kitu kimoja tu, je, vuli ni neno sahihi kwa kipindi kile majani yanapogeuka rangi na kudondoka?

Dada yangu, la vuli halina maneno mengi. Kwetu vuli ni mvua, zile za Oktoba mpaka Desemba, mtu wa Tanga ukimwambia vuli imeingia anatafuta jembe na mbegu, nchi inakuwa kijani, wakati huko kwenu ndo kwanza miti inabaki mifupa. Yaani kinyume kabisa. Najua kamusi zimeshaliweka, ukilitumia utaeleweka na mimi nimeshachoka kupigana nalo, ila ningekuwa wewe ningeandika "majira ya majani kupukutika".

Kinachoniuma ni mwanzo wa tangazo. "Tungependa kuchukua fursa hii." Jamani! Iko kila mahali siku hizi, harusini, msibani, kwenye mahafali, kwenye magrupu ya WhatsApp, MC akishika tu maiki ni ningependa kuchukua fursa hii, mgeni rasmi naye, msemaji wa familia naye, mpaka watoto wa Sandei skuli wameikariri. Sasa isikilize hiyo -nge-. Kiswahili kikiweka -nge- kuna kizuizi nyuma yake: ningekuja ila mvua imenizuia, ningekupa ila sina. Ukisema ningependa kumshukuru Mungu masikio yangu yanabaki yanaisubiri hiyo ila. Ungependa, ila nini? Nani kakuzuia? Mungu kakuvusha bahari, kakupa kazi, watoto wazima, makaratasi yametoka, halafu unasimama mbele zake unamwambia UNGEPENDA! Na hiyo fursa (tumeipata kwa Waarabu, kama shukrani yenyewe) huwa tunaipata au tunaitumia, tena ni kitu kinachopita, sasa kumshukuru Mungu ndani ya nyumba yake kumekuwa jambo la kuvizia? Halafu "kutoa shukrani", kwani kushukuru kumekufa? Tungependa kuchukua fursa hii kutoa shukrani, maneno sita, na yote yanafanya kazi ya neno moja, tunashukuru.

Fungua Zaburi ya 136 uone. "Mshukuruni Bwana kwa kuwa ni mwema", imeanza hapo hapo, na zile fadhili zake za milele zinarudiwa kila mstari mpaka wa 26, hakuna hata mmoja unaoomba nafasi kwanza. Yule mkoma wa Luka 17, mmoja kati ya kumi waliopona, alirudi akaanguka miguuni pa Yesu akashukuru. Na mama zetu wakisimama kushuhudia wanasema "namshukuru Mungu kunifikisha leo", kanisa zima linaitikia amina.

Kuna watakaoniambia ni adabu. Adabu ya Kiswahili ipo na ni nyingi, iko kwenye shikamoo, kwenye naomba, kwenye kuwataja wakubwa kwanza. Mtu akimwambia mkuu wa wilaya ningependa nitavumilia, kwa Mungu hapana, sikubali.

Kuna na hili hukuliuliza. Septemba huko kwenu kwaya inarudi likizo, Sandei skuli inafunguliwa, ndo mnaita mwaka mpya wa kanisa. Waorthodoksi wako sawa kabisa, wao wanauanza 1 Septemba. Ila kama nyie ni Walutheri au Wakatoliki mwaka wa Kanisa unaanza Jumapili ya kwanza ya Majilio (majuma ya kungojea Krismasi, neno lenyewe limetoka kwenye kuja), ile iliyo karibu zaidi na 30 Novemba, kwa hiyo mkitangaza Septemba semeni mwaka mpya wa huduma.

Tangazo lako basi liwe hivi: "Tunamshukuru Mungu aliyetufikisha majira haya ya majani kupukutika. Tunaanza mwaka mpya wa huduma kwa matumaini." Lisome hivyo hivyo, taratibu, halafu kwaya isimame iimbe.